Kumpandisha Ndugu Yako Mlima kwa Mara ya Kwanza

Mtu anayekwenda mlimani kwa mara ya kwanza akiongozwa na mtu asiyemfahamu husema mapema kwamba kiatu kinambana, kwamba kichwa kinamgonga, au kwamba amechoka na anataka kupumzika. Mtu huyohuyo akiongozana na kaka yake au dada yake hunyamaza. Hunyamaza kwa sababu mashindano ya utotoni hayajaisha, au kwa sababu anamheshimu mkubwa wake na hataki kumharibia siku, au kwa sababu anajua fika kwamba lalamiko moja litasimuliwa nyumbani kwa miaka kumi ijayo. Ugumu wa kumpeleka ndugu yako mlimani uko hapo zaidi ya ulivyo kwenye mlima wenyewe, na maelekezo yanayofuata, kuanzia kuchagua njia hadi kushuka, yamepangwa ili safari iende salama hata kama mwenzako hatakwambia hali yake ilivyo.

Niliyajua haya kwa kukosea. Mara ya kwanza nilipompeleka mdogo wangu nilimwuliza kila baada ya nusu saa, "Umechoka?", naye akanijibu kila mara, "Hapana kaka, twende." Jioni, tulipokuwa tumekwisha kushuka, soksi ya mguu wake wa kushoto iligoma kutoka kwa sababu ilikuwa imegandana na kidonda cha kisigino, na kidonda hicho alikuwa ametembea nacho kwa muda wa saa tano. Sikuwa na haki ya kumlaumu, kwa kuwa swali langu lilikuwa na jibu moja tu ambalo mdogo mtu angeweza kulitoa mbele ya kaka yake.

Kuchagua mlima na siku

Mlima unaopandwa na watu wengi una faida zake: njia imekanyagwa hadi ikawa wazi, vibao vya kuelekeza vipo, na ukiteguka mguu hutakaa muda mrefu kabla mtu hajapita. Hasara yake ni kwamba wingi wa watu humpumbaza mgeni akadhani kwamba mlima huo ni mahali pa matembezi ya jioni. Table Mountain wa Afrika Kusini una mita 1,086 tu juu ya usawa wa bahari, na wako wanaoupanda kwa miguu wakitegemea kushuka kwa gari linalokwenda juu ya waya, ilhali gari hilo husimamishwa upepo unapokuwa mkali, na hapo mtu aliyeimaliza nguvu yake yote kwa kupanda hulazimika kuteremka kwa miguu ambayo haimtii tena. Ben Nevis wa Uskoti, wenye mita 1,345, una magenge ya miamba karibu kabisa na njia ya kileleni, na ukungu ukishuka magenge hayo hayaonekani. Mlima Fuji wa Japani una mita 3,776, lakini barabara ya magari hufika hadi mita 2,300 hivi, kwa hiyo wengi huanza kutembea wakiwa tayari juu, hupanda usiku ili waone jua likichomoza, kisha huliangalia jua hilo wakiwa na maumivu ya kichwa.

Unapoitazama njia, soma namba mbili kwa pamoja: urefu wa njia na jumla ya mwinuko. Mwaka 1892 mpanda milima wa Uskoti aitwaye William Naismith aliweka kanuni ambayo bado inatumika, kwamba uhesabu saa moja kwa kila kilomita 5 za mwendo, kisha uongeze saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Njia ya kilomita 12 kwenda na kurudi, yenye mwinuko wa mita 900, hutoa hesabu ya karibu saa 4. Kanuni hiyo haihesabu mapumziko, wala foleni kwenye sehemu nyembamba, wala muda wa mgeni kuvua na kuvaa koti mara sita, na kwa sababu hiyo mimi huongeza nusu ya hesabu yote na kuzifanya saa hizo 4 kuwa 6. Sijawahi kujuta kwa kuongeza.

Kwa safari ya kwanza, mwinuko wa kati ya mita 500 na 800 humtosha mtu mzima mwenye afya njema ambaye hana mazoezi ya milima. Chagua njia isiyodai kutumia mikono, yenye mahali pa kugeukia bila kujiona kwamba mmeshindwa, kama vile ziwa, banda la kupumzikia au bega la mlima lenye mandhari. Zaidi ya yote, usimpeleke kwenye mlima ambao wewe mwenyewe una kiu nao. Mlima unaofaa ni ule uliokwisha kuupanda, kwa sababu siku hiyo ni lazima uweze kugeuka ukiwa umebakiza mita 200 bila moyo kukuuma, na mtu anayekitamani kilele chake hawezi kufanya hivyo hata akijidanganya kwamba ataweza.

Kuhusu siku, epuka mwisho wa wiki na sikukuu kama unaweza, uliza mapema kama mlima huo unahitaji kibali au una idadi maalumu ya watu kwa siku, na muanze alfajiri. Katika milima mingi mawingu hukusanyika na radi huanza kupiga mchana, kwa hiyo saa za asubuhi ndizo zenye amani. Usiangalie utabiri wa hali ya hewa wa mji ulio chini ya mlima ukaridhika nao, kwa kuwa joto hupungua kwa wastani wa nyuzi 6.5 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 unazopanda. Mkiondoka chini kukiwa na nyuzi 22 na kupanda mita 1,500, mtakuta juu nyuzi 12 hivi, na hapo upepo bado haujahesabiwa.

Wiki chache kabla ya safari

Mazoezi yenyewe ni mepesi kuyaeleza: ngazi, na tena ngazi, mara tatu kwa wiki, akiwa amebeba begi lilelile atakalolibeba. Jambo ambalo wengi hulisahau ni kwamba azishuke ngazi hizo kwa miguu badala ya kutumia lifti, kwa sababu kushuka ndiko kunakokomaza misuli ya mapaja itakayohitajika siku yenyewe.

Viatu vinastahili muda zaidi. Ndugu hurithishana viatu, na pengine una jozi yako ya zamani iliyokaa kabatini ambayo ungependa kumpa ili asiingie gharama. Ikague kwanza. Soli za viatu vingi vya milimani huwa na tabaka la poliyurethani (aina ya plastiki) katikati, na tabaka hilo huliwa na unyevu wa hewa polepole hata kama kiatu hakivaliwi, mpaka siku moja soli nzima hubanduka mtu akiwa njiani. Ikunje soli kwa mikono yako na ulibonyeze tabaka hilo kwa ukucha. Likimeguka au likionyesha nyufa, jozi hiyo haifai hata kama ngozi yake inang'aa. Kama ananunua vipya, aende kuvijaribu jioni, wakati miguu imevimba kidogo, akiwa amevaa soksi nene atakazozitumia, na asimame kwenye sehemu yenye mteremko ili ahakikishe kwamba vidole havigongi mbele. Nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ya kidole kirefu zaidi ndiyo inayotakiwa. Kisha avivae nyumbani na mtaani kwa wiki tatu au nne, kwa maana kiatu kipya hakianzishwi mlimani.

Mavazi yawe ya tabaka: fulana isiyo ya pamba inayogusa ngozi, sweta au jaketi la kutunza joto, na koti la juu la kuzuia mvua na upepo. Pamba hushika jasho na kukaa nayo, na fulana iliyolowa humpozesha mtu haraka pindi anaposimama. Kofia na glavu nyepesi ziwemo hata kama chini kuna jua kali, na mafuta ya kuzuia jua yawemo hata kama kuna mawingu, kwa kuwa miale inayounguza ngozi huongezeka kwa takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000.

Kishawishi cha mkubwa ni kubeba kila kitu ili mdogo aende mikono mitupu. Usifanye hivyo. Katika mlima wenye watu wengi ni rahisi kupotezana kwa dakika 20, na dakika hizo zikiangukia kwenye mvua, maji yake, chakula chake, koti lake na tochi yake havimsaidii kitu vikiwa mgongoni mwako. Begi lake lisizidi sehemu ya kumi ya uzito wake, nalo liwe na kila kitu kinachomhusu yeye. Wewe beba vile vya pamoja vilivyo vizito, yaani sanduku la huduma ya kwanza, ramani, maji ya akiba na tochi ya ziada. Kila mmoja awe na filimbi mahali anapoweza kuifikia bila kulivua begi.

Makubaliano matatu yafanyike nyumbani, mkiwa mmekaa, kabla mtu yeyote hajaona kilele. La kwanza ni saa ya kugeuka: chagueni saa, kwa mfano saa 6 mchana, na popote mtakapokuwa saa hiyo mnageuka, hata kilele kikiwa mbele ya macho. La pili ni kwamba yeyote kati yenu akisema "turudi" safari imeishia hapo, haulizwi sababu wala hataniwi, si siku hiyo wala baadaye. La tatu ni kwamba hamtaachana. Makubaliano ya pili ndiyo yenye uzito, na ili yaaminiwe ni wewe utakayelazimika kuyaonyesha kwa vitendo, kama nitakavyoeleza.

Njiani

Nusu saa ya kwanza nendeni kwa mwendo unaomkera. Mtu anayeanza huwa na nguvu za asubuhi na hofu ya kuonekana mzembe, hivyo hukimbia, kisha moyo na mapafu humdai deni hilo kwa saa nzima. Waongozaji wa Kilimanjaro wameifanya "pole pole" kuwa maneno yanayofahamika na wapanda milima wa lugha zote, nasi tuliozaliwa nayo ndio huwa wa kwanza kuyapuuza. Kipimo ni maongezi: kama anaweza kusema sentensi nzima bila kukatiza katikati ili avute pumzi, mwendo unafaa, akianza kujibu kwa neno mojamoja, punguzeni.

Atangulie yeye. Ukitangulia wewe utaenda kwa mwendo wako bila kujua, naye atakufuata kwa heshima mpaka azimike. Akitangulia yeye, mwendo ni wake, nawe unaiona miguu yake wakati wote. Tatizo la mlima wenye watu wengi ni kwamba wapo watakaokuja nyuma na kumfanya aone haya, akaongeza kasi ili asiwazibie njia. Mfundishe mapema kwamba kusogea kando na kuwapisha ni jambo la kawaida, asogee upande wa ndani wa mlima na si ule wa bonde, na atumie nafasi hiyo kunywa maji. Mkikutana na wanaoshuka, desturi ya njia nyingi ni kwamba anayepanda ndiye hupishwa, lakini hakuna ubaya wowote wa kuwaacha wapite ikiwa mnataka kupumua.

Mapumziko yawe ya saa, yasiwe ya kuombwa. Mtu asiyetaka kulalamika hawezi kuomba kupumzika, lakini hana shida kusimama ikiwa saa imefika. Simameni kwa mara ya kwanza baada ya dakika 20, ili kuvua koti na kurekebisha kamba za viatu. Baada ya hapo simameni kila baada ya dakika 50, kwa dakika 5 hadi 10, kwa sababu mkikaa zaidi ya hapo misuli hupoa na kuanza upya huwa kazi. Katika kila kituo kila mtu anakunywa na kutia kitu mdomoni, awe na njaa au hana. Nusu lita ya maji kwa saa ni kiasi cha kuanzia, nacho huongezeka jua likiwa kali.

Kituo cha pili ndicho cha miguu, nacho nakieleza kwa kirefu kwa sababu ndicho kilichonikosesha. Kaeni, na nyote wawili mvue viatu, wewe ukianza. Usimwulize kama miguu inamuuma, sema, "Nionyeshe kisigino, nami nitakuonyesha changu." Tafuta sehemu nyekundu yenye ukubwa wa sarafu juu kidogo ya pale kiatu kinapoanza kukaza, upande wa nje wa kidole kidogo, na chini ya vidole. Sehemu hiyo ikiwa ya moto kuliko ngozi inayoizunguka, lengelenge liko njiani hata kama halijatokeza. Ikaushe ngozi kwa kitambaa, kata kipande cha plasta pana chenye pembe za mviringo ili zisinyanyuliwe na soksi, kibandike bila mkunjo, na ukishikilie kwa kiganja kwa nusu dakika ili gundi ipate joto na kushika. Ikiwa lengelenge limekwisha kujaa maji na ni dogo, usilipasue. Lizungushie kipande cha sponji kilichotobolewa katikati ili kiatu kisiliguse. Kung'uta soksi, kwa kuwa mara nyingi mkosaji ni punje moja ya mchanga, kisha kaza kamba upya ukiwa umegonga kisigino chini ili kirudi nyuma kabisa ya kiatu. Kazi yote huchukua dakika 8, na inaokoa saa tano za aina niliyoisimulia.

Maswali mengine nayo yageuzwe kwa mtindo huohuo, yawe yanayodai habari badala ya ndiyo au hapana. "Umebakiza maji kiasi gani?" ni bora kuliko "Umekunywa?" "Ni goti lipi linalokusumbua zaidi?" huleta jibu, kwa kuwa limekwisha kumkubalia kwamba magoti husumbua. Na kabla hajaumia yeye, jisemee wewe: "Mapaja yangu yamewaka moto, tusimame dakika tatu." Mkubwa akikiri uchovu mara mbili tatu bila aibu, mdogo hupata ruhusa ya kukiri, na hayo ndiyo matendo niliyoyataja kuhusu yale makubaliano ya pili.

Kuna faida moja ambayo mwongozaji wa kukodi hana. Wewe unajua ndugu yako huwaje siku ya kawaida. Baridi inapomwingia mtu mwilini huanza kuwa mzito wa vidole akashindwa kufunga zipu, maneno yake hulegea, hujikwaa mahali pasipo na kitu, na huwa mgomvi au mkimya kupita kawaida. Mgeni angedhani ndiyo tabia yake. Wewe unajua kwamba dada yako msemaji hajawahi kunyamaza dakika 40 tangu azaliwe. Ukiona hayo, ondokeni kwenye upepo, mvue nguo iliyolowa, mvishe kavu pamoja na kofia, mpe kitu kitamu na kinywaji cha moto kama mnacho, kisha mteremke.

Mkisikia ngurumo, hesabu sekunde kuanzia umeme unapomulika. Zikiwa 30 au pungufu, radi iko ndani ya kilomita 10 hivi na inaweza kuwafikia. Shukeni kutoka kwenye kilele na mgongo wa mlima, kaeni mbali na miti iliyosimama peke yake, na msirudi juu mpaka zipite dakika 30 bila ngurumo nyingine.

Mlima ukiwa mrefu kweli

Hadi mita 2,500 watu wengi hawahisi lolote zaidi ya kuhema. Kuanzia hapo kwenda juu mambo hubadilika, kwa kuwa kanieneo ya hewa, yaani mkandamizo wake, hushuka na kila pumzi hubeba oksijeni pungufu. Kwenye mita 5,500 hivi kanieneo hiyo ni nusu ya ile ya ufukweni, na kilele cha Kilimanjaro, chenye mita 5,895, kiko juu ya hapo. Ujana hauzuii ugonjwa wa mwinuko, wala mazoezi hayauzuii. Wala undugu: tumbo moja linaweza kutoa mmoja anayecheka kwenye mita 4,000 na mwingine anayetapika, na mzima asimpime mwenzake kwa hali yake mwenyewe.

Mkiwa juu ya mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja, na kila baada ya siku tatu au nne pawe na usiku wa ziada mahali palepale. Kichwa kikimuuma, pamoja na kichefuchefu, kukosa hamu ya kula, kizunguzungu au uchovu usio wa kawaida, chukulieni kwamba ni ugonjwa wa mwinuko mpaka idhihirike vinginevyo: msipande tena mpaka dalili ziishe, na zikizidi mteremke. Hapa usitegemee maneno yake hata kidogo. Mchoree mstari ardhini na umwambie atembee juu yake akigusisha kisigino cha mguu mmoja na vidole vya mwingine. Akiyumba kama mlevi, au akichanganyikiwa katika mambo anayoyajua, ubongo umeanza kuvimba. Akihema akiwa amekaa tu, au akikohoa makohozi yenye povu, maji yameingia kwenye mapafu. Katika hali hizo mbili mnateremka papo hapo, hata kama ni usiku wa manane, na msisubiri asubuhi. Zipo dawa za kuzuia, kama asetazolamaidi, lakini hizo ziamuliwe na daktari kabla ya safari, zisigawanywe njiani.

Kileleni

Milima mingi ina kilele cha uongo, yaani kibega ambacho ukiwa chini yake huonekana ndicho mwisho, na ukikifikia unaona mlima mwingine umesimama nyuma yake. Mwambie mapema. Mtu aliyeonywa hucheka. Asiyeonywa huvunjika moyo kabisa, na kama saa ya kugeuka imekaribia, hapo ndipo mtakapobishana.

Saa hiyo ikifika, geukeni. Usimwachie yeye kuamua, kwa sababu atasema "twende tu" kwa ajili yako. Sema wewe kwamba muda umekwisha, na uuache uamuzi huo uwe wako. Mkifika juu kabla ya saa hiyo, vaeni nguo za joto kwanza kabla ya picha, maana jasho hupoa ndani ya dakika chache, na simu itunzwe mfuko wa ndani kwani betri huisha haraka kwenye baridi. Dakika 20 zinatosha. Kabla ya kuondoka soma kibao cha njia mliyoijia, kwa sababu vilele vinavyopandwa na wengi huwa na njia nyingi zinazoanzia hapo, na kundi la watu mnaolifuata linaweza kuwa linashukia upande mwingine wa mlima.

Kushuka

Mgeni hudhani kazi imekwisha. Kwa kweli misuli ya mapaja, ambayo wakati wa kupanda ilikuwa injini, sasa inageuka kuwa breki, na kazi ya kujizuia huku misuli ikinyooka ndiyo inayoichosha na kuiumiza zaidi. Ndiyo maana wengi huanguka wakati wa kurudi, wakiwa wamechoka na wamelegeza umakini. Mwenda pole hajikwai, akijikwaa haanguki, nao waliosema hivyo bila shaka waliwahi kuteremka kwenye changarawe.

Kabla ya hatua ya kwanza, kazeni kamba upya: zungusheni kamba mara mbili pale zinapopinda kupanda kwenye kifundo, kabla ya kuzitia kwenye ndoano za juu, ili kisigino kishikwe nyuma na vidole visisukumwe mbele. Sasa tangulia wewe, hatua chache mbele, umchagulie pa kukanyaga na umzuie asiende mbio. Hatua ziwe fupi, magoti yakunjwe kidogo, na uzito uwe juu ya miguu. Anayeogopa huegemea nyuma, na kuegemea nyuma ndiko kunakomtelezesha. Fimbo mbili za kutembelea, zikirefushwa kidogo kuliko wakati wa kupanda, huyapunguzia magoti mzigo. Mtu akiporomosha jiwe apaze sauti palepale, "Jiwe!", kwa kuwa kwenye mlima wenye watu wengi daima kuna mtu chini.

Mkipotezana, aliyepotea akae mahali alipo, naye mwenzake arudi hadi kibao cha mwisho mlichokipita pamoja. Mpigo wa filimbi mara sita ndani ya dakika moja, kisha dakika moja ya kimya, ni ishara ya kuomba msaada inayotambulika katika milima mingi, na jibu lake ni mipigo mitatu. Amerika Kaskazini huomba kwa mipigo mitatu.

Maumivu ya mapaja hayaji siku hiyo. Huanza kesho yake na kufikia kilele kati ya saa 24 na 72 baada ya kushuka, kwa hiyo usipange safari ndefu ya gari wala kazi ya kusimama kwa siku mbili zinazofuata, na mwambie atembeetembee badala ya kulala. Kuhusu kama atataka kupanda tena, subiri mpaka aweze kushuka ngazi bila kushika ukuta, na hata hapo usimwulize kama alifurahia, kwa sababu atakujibu ndiyo. Mwulize ni kipande gani cha njia angekiondoa.